Jemadari Hageuki Nyuma

Nichekeni tu, nimeshazoea, maana aibu niliyoipata Idd ile pale Kariakoo, miaka ya hamsini, nikiificha mimi wataisimulia wengine na watatia chumvi.

Ngoma ya beni ililetwa mjini na askari waliorudi vita vya Mjerumani, wazee wetu wakachukua tarumbeta na vyeo vyao, na kila Idd makundi mawili yakawa yanazunguka mitaani kushindana, sisi mikanda ya kijani, wenzetu mikanda myekundu. Mwaka ule nikafanywa jemadari wa kundi letu, mtu wa mbele mwenye bakora. Sharti la jemadari lilikuwa moja: hageuki nyuma, akigeuka ni kama kasema hawaamini watu wake.

Tulikubaliana tukifika Mtaa wa Kongo tukate kulia. Mimi moyoni nikajiongezea kipande cha kwenda moja kwa moja mbele kabla ya kukata, kwa sababu huko ndiko nyumbani kwa Zuhura (nilikuwa nimepeleka posa, na baba yake, mzee wa kundi letu, alisema atajibu Idd ikiisha). Sikumwambia mtu. Nilijua watanifuata tu, si mimi ndiye jemadari?

Ngoma ikafifia kidogo, kisha ikarudi kwa kishindo, nikasema leo vijana wamekula wakashiba, nikazidisha madaha, bakora naizungusha, kifua mbele, watu wanacheka mpaka wanashikana mabega na mimi (mjinga wa mwisho) nadhani ni furaha, hadi nikafika barazani kwa baba yake Zuhura, nikasimama, nikapiga saluti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hebu geuka nyuma."

"Jemadari hageuki, mzee."

"Haya. Basi wafikishe mahasimu wetu kwao, naona wamekupenda."

Nikageuka. Mikanda myekundu mtaa mzima. Wenzangu walikata kulia kama tulivyokubaliana, na hawa walipotokea uchochoroni wakakuta jemadari wa bure, wakamfuata. Kapteni wao akanipigia saluti. Dirishani Zuhura kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilitamani ardhi inimeze.

Jibu la posa likaja wiki ile ile: "Binti yangu nitampa mtu anayejua watu wake wako wapi. Mwakani atembee nyuma, nimtazame." Idd ya mwaka uliofuata nikawa mtu wa mwisho kabisa, nimebeba ngoma kubwa, jasho linanitoka, naangalia migongo ya wenzangu wote asipotee hata mmoja.

Zuhura nilimpata. Lakini mpaka leo, akiniona naanza jambo bila kumwambia mtu, huniuliza taratibu, "Jemadari, umegeuka nyuma?"

Nami nageuka.