Kigoda cha Breki

Bendi nyingine humaliza wimbo kwa kuhesabu, nyingine kwa kukonyezana. Bendi ya ile baa ya nyuma ya stendi ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuisimamisha, mpiga gitaa la pili, na ndiyo maana mji mzima ulimwita Breki. Aliketi kwenye kigoda karibu na ngoma. Akiinua shingo ya gitaa juu na kuishusha, wote hukata papo hapo. Kabla ya ishara hiyo hakuna aliyethubutu kuacha, hata kama amebanwa na haja. Na wote wakishanyamaza, Breki mwenyewe hudonoa noti moja ya mwisho, peke yake. Alidai ni ya walio mlangoni. Mama yake alisema ni ubishi tu, mtoto yule tangu utotoni hakubali mwenzake awe wa mwisho kusema.

Sasa Breki alikuwa amezikwa, na hii ilikuwa mara ya kwanza bendi kurudi jukwaani bila yeye.

Mdogo wake ndiye mpiga solo. Mtu mzima, kichwa kimeingia mvi, lakini jina lake pale mjini ni Mdogo, basi. Jioni hiyo alipita kwa shemeji yake, akalichukua gitaa la marehemu, akaliegemeza kwenye kigoda na kulichomeka waya kama kawaida. Chiriku, mwimbaji wao, akamtazama.

"Mdogo, nani atatukatia nyimbo leo?"

"Tutaona."

"Tutaona nini? Inua wewe. Wewe ndiye wa damu."

"Dada, nimesema tutaona!"

Hakutaka. Msibani alijikaza kisabuni, akapokea wageni, akabeba viti, hata chozi hakutoa. Lakini kuinua gitaa mbele ya kigoda kile ilikuwa ni kumwambia kaka yake, toka, nafasi yako nimeichukua. Hilo lilimtisha kuliko kaburi lenyewe.

Wakaanza. Baa ilikuwa imejaa na wimbo ukashika moto. Chiriku akamaliza beti zake, wakaingia kwenye chemko, sehemu ile ya kucheza, watu wakavamia ukumbi. Ilipofika mahali pa kukata, Mdogo akageuka kukitazama kigoda, mazoea tu. Mpiga besi naye akatazama. Chiriku akatazama. Mzee Kishindo wa kwenye ngoma, ambaye kifua chake kibovu kila mtu anakijua, naye akatazama, mikono ikiendelea na kazi. Hakuna kilichoinuka. Wimbo ukazunguka tena.

Mwanzoni watu walicheka. Loo, wanamuziki wazima, wameshindwa kushuka kwenye wimbo waliopanda wenyewe! Chiriku akaishiwa maneno, akaanza kuwaimba wateja: mwenye shati jekundu, mwenye kipara, mhudumu na trei lake. Wimbo ukazunguka, macho yakarudi kwenye kigoda, hamna kitu. Ukazunguka tena. Wachezaji wakaanza kurudi mezani mmoja mmoja, na kicheko kikawaishia. Nao sasa walikuwa wakitazama walichotazama wanamuziki, gitaa lile lililoegemea peke yake. Nyuzi zake zilikuwa zinatetemeka. Kwa vyovyote ni mshindo wa ngoma uliozitikisa, lakini Mdogo alihisi vinyweleo vikimsimama. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, havimuulizi. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu pale ameketi, anawaangalia, na hana haraka.

"Mdogo!" Chiriku alimpigia kelele sikioni. "Kata! Mzee anatufia!"

Kweli. Uso wa Mzee Kishindo ulikuwa umepauka kama majivu, mdomo wazi, anatafuta pumzi haipati, na bado mikono inapiga. Jamani, yule mzee angekata roho kabla ya kukata wimbo bila ishara. Ndivyo walivyozoeana na Breki miaka yote.

Mdogo akakigeukia kigoda, machozi yakimlenga. "Kaka, nisamehe."

Akaishika shingo ya gitaa lake kwa mikono yote miwili, akaiinua juu, akaishusha.

Wakakata. Baa nzima ikawa kimya kama maji ya mtungi. Mzee Kishindo akaangukia magoti yake, akivuta hewa kwa pupa, mzima.

Ndipo noti moja ikalia kwenye spika. Ililia peke yake, mahali palepale ilipolia siku zote. Watu wa mlangoni wakageuza shingo.

Mdogo alikuwa bado ameshika gitaa kwa mikono yote miwili.

"Ni umeme huo," mpiga besi akasema harakaharaka. "Lile gitaa limechomekwa. Linavuma lenyewe."

Mzee Kishindo akatikisa kichwa. Akainama, akaokota waya wa lile gitaa, uliolala miguuni pake, akawaonyesha ncha yake.

"Nilichomoa kabla hatujaanza," akasema, pumzi bado inamkatikakatika. "Ulikuwa unanivumia sikioni."

Chiriku alikuwa amejishika mdomo. Mdogo akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, kilio ambacho msibani kilikuwa kimemgomea.

"Mnamwona lakini?" akasema, akikinyooshea kigoda kidole. "Nimekata mimi, na bado kamaliza yeye."