Nyongeza ya Magamba

Hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Nilitoka Kanzenze na shuka moja, sikumaliza darasa la tatu, na kabla ya kufika miaka hamsini nilikuwa na mitumbwi mitatu ya mota pale Rubona, kando ya ziwa. Donc, alipokuja yule msichana wa chuo, Munyarwanda aliyekulia Tanzania, akataka kukodi mtumbwi achote tope chini ya ziwa, nilicheka tu.

Bomba lake la kuchotea lilipanda na tope refu kama mutu. Alilikata vipande, akachuja, akaanza kuokota magamba ya vidudu vya zamani, madogo kuliko mbegu ya mchicha, kwa darubini na brashi iliyolowa. Ya kipande cha chini kabisa yangepelekwa Ulaya, mashine iseme yana miaka mingapi. Bila hayo, safari yake yote ilikuwa bure.

"Mzee, una macho," aliniambia. Kweli. Siku tatu nilimwokotea. Yaliyovunjika nilitupa, machafu nilitupa.

Siku ya nne alienda mjini. Nikaangalia kichupa cha magamba ya kipande cha chini: hakijafika alama aliyochora. Bon. Nimeuza sambaza, visamaki vya ziwa letu, kwa kikombe miaka ishirini, na kikombe bila nyongeza juu ni wizi. Nilichuja mchanga wa ufukweni kwangu, nikaokota magamba ya aina ile ile, tena safi zaidi, nikajaza mpaka juu.

Aliporudi nilimwonyesha mwenyewe.

"Haya mengine yametoka wapi?"

"Iko ya hapa tu. Nyongeza, dada."

Akakaa chini. "Mzee, haya ni ya juzi. Umeyachanganya na ya maelfu ya miaka."

"Nitayatoa."

"Utayajuaje?"

Niliinama kwenye darubini mchana kutwa. Yote meupe. Mimi ninayetenga sambaza wa jana na wa leo kwa jicho tu, sikuweza kutenga hata gamba moja. Wavuvi wangu wakachungulia: "Patron, uliza moja moja: we iko ya mwaka gani?"

Nikamrudisha ziwani achote tope jingine kwa gharama yangu, siku mbili. Safari hii, kila bomba lilipopanda, tope lilifoka ile gesi ya chini ya ziwa kama bia iliyotikiswa, na kipande cha chini kikamwagikia majini. Nilikuwa nimeshika bomba kwa mikono miwili, na hakuna nilichoweza kuzuia.

Alipanda minibasi akaniachia kile kichupa, kimejaa. Petroli na posho ya wavuvi wanne kwa siku zile mbili, mfukoni mwangu: faranga elfu sabini na nane, mia nne na hamsini.