Mtani Aliyelala Mbele ya Jeneza

Nianze na waliokuwepo, maana msiba ule umeshasimuliwa sana na watu ambao siku hiyo walikuwa Tandahimba kwenye mnada wa korosho.

Nilikuwepo mimi, dada mkubwa wa marehemu, baba mmoja mama mmoja. Alikuwepo kaka yetu anayetufuata, ambaye ndiye mjomba wa mwimbaji, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake. Alikuwepo mwimbaji mwenyewe, mtoto wa pekee wa marehemu, pamoja na mke wake, mtu wa Tanga, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga Newala kabla ya siku hiyo. Alikuwepo padre wetu. Alikuwepo jirani wa marehemu, mjane mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko. Na alikuwepo mtani wetu, mama wa Kimakua wa huko huko Masasi ninakokaa mimi. Babu zake na babu zetu walitaniana, nasi tumeurithi utani huo kama watu wanavyorithi mikorosho.

Majina yao wote ninayo, hata ya waliochimba kaburi na ya mama zao. Nimeyaacha kwa makusudi. Wengine wako hai na wana wajukuu shuleni.

Sasa huyo mwimbaji. Wengi mnamjua kwa sauti hata kama sura hamuijui. Alizaliwa Makote, huko Newala, lakini baba yake alipofariki, mdogo wangu aliona maisha ya kugombea ndoo ya maji kila siku hayamfai mtoto anayesoma, akamleta kwangu Masasi. Nimemlea mimi. Aliingia kwaya ya watoto kanisani, na mwalimu wa kwaya alikuwa anamweka pembeni kidogo, kwa sababu akiimba katikati wenzake wananyamaza kumsikiliza. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa inafika.

Baadaye alijifunza gitaa, akaenda Mtwara, kisha Dar es Salaam, akapata kazi ya kuimba hotelini wakati watu wanakula. Aliwahi kunieleza kazi hiyo. Alisema, mama mkubwa, pale unaimba ili mtu asiache kula, na ukiona kijiko kimesimama hewani ujue umezidisha. Ndivyo alivyojifunza zile nyimbo zake za taratibu. Redio zikazipenda. Mabasi ya Mtwara yakawa yanazipiga alfajiri abiria wakisinzia, saluni zikazipiga, harusini zikapigwa maharusi wakikata keki. Vijana walimcheka, wakasema hizo ni nyimbo za wagonjwa wa presha. Lakini vijana hao hao wakiachwa na wachumba ndizo walizokuwa wanazitafuta.

Mdogo wangu alikuwa na redio ndogo, anaibeba mpaka kwenye foleni ya maji. Wimbo wa mwanawe ukianza anaongeza sauti, halafu anajifanya anaangalia pembeni. Uliokuwa wake hasa ni ule wa ndoo, aliotungiwa yeye, mama anayepanda kutoka bondeni na ndoo kichwani huku anahesabu majina ya watoto wa wenzake, maana wa kwake ni mmoja. Newala nzima iliujua.

Basi akafa ghafla. Jioni alikuwa anabangua korosho, asubuhi hakuamka.

Mwanawe alitoka Dar es Salaam kwa gari, akanipitia Masasi. Nilipoingia nikamkumbatia, nikalia, nikamwambia pole mwanangu, na yeye akanishika mkono akauweka kifuani kwake. Hakutoa neno. Nikadhani ni uchungu. Gari lilipoanza kuipanda milima ya kuelekea Newala, redio ikapiga wimbo wake mmoja, na yeye akanyoosha mkono akaizima haraka kama mtu anayefunika sufuria inayomwagika. Ndipo mkewe, aliyekaa nyuma na mimi, akaniinamia.

Akaniambia mume wake amepasuliwa koo wiki iliyopita. Palikuwa na uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Daktari amemkataza kutoa sauti yoyote, hata ya kunong'ona, mpaka arudi kuangaliwa. Kidonda kikifunguka, sauti haitarudi tena. Mwimbaji alikuwa anaendesha, anatuangalia kwenye kioo, na kila mkewe akimaliza jambo yeye anatikisa kichwa kukubali.

Nikasema tukifika tu nitawaambia watu. Mkewe akasema, mama, naomba usiseme. Hotelini wanajua yuko likizo tu, na wakisikia sauti ina wasiwasi watamweka mtu mwingine.

Nikamkubalia, lakini mimi nilikuwa na sababu yangu iliyozidi hiyo ya hoteli, na sikuweza kumweleza mgeni yule. Kwetu, sauti ya mwimbaji haipotei hivihivi. Hupotea kwa mtu. Na mama amekufa ghafla siku hizo hizo. Watu wangeyafunga mawili pamoja, na kabla jua halijazama jina la mtu lingetajwa, na mimi nilishajua litakuwa jina la nani. Lingekuwa la yule jirani mjane. Alishawahi kunong'onwa kuwa ni mchawi kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na nyumba yake ni ya nyasi.

Kwa hiyo tulifika msibani na siri ile, mimi nikiwa nimeibeba kama kaa la moto kwenye kanga.

Mateso yalianza pale pale mlangoni. Wazee walikuja kumpa pole, na kila mzee anasubiri shikamoo. Yeye anainama, anashika mkono kwa mikono miwili, anakaa kimya. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yake, hakuachia mkono. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Naona Dar es Salaam shikamoo zimekwisha." Watu wakaangalia chini. Mkewe akadakia kwa kile Kiswahili chake cha Tanga kwamba baba asamehe, mtoto ana simanzi. Haikusaidia. Upande wa vijana nikasikia mmoja anasema huyo sauti yake ni ya biashara, haitoi bure hata kwa mama yake. Walishaandaa simu zao kumrekodi.

Kaka yangu akaniita nyuma ya nyumba. Akaniuliza huyu mtoto ana nini. Nikasema uchungu. Akasema, "Uchungu haumezi shikamoo, dada. Mimi ndiye mjomba wake, na aibu hii inanikaa mimi." Sikuwa nimewahi kumficha kaka yangu jambo la ukoo, na alijua namficha, ndiyo maana aliondoka bila kuaga.

Wakati huo mtani wetu alikuwa anafanya kazi yake tangu asubuhi. Msioujua utani wa msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa. Anavaa nguo za marehemu, anamuiga, anawatukana wafiwa, anadai anachotaka, na mfiwa hakasiriki wala hakatai. Akikataa, anahesabiwa amemzuia marehemu wake asiende. Huyu alikuwa amevaa gauni la mdogo wangu, amesimama kwenye mapipa ya maji, anawasema wanaochota kama alivyokuwa anawasema marehemu mwenyewe: "Wewe unaoga au unazama? Hayo ni maji ya Newala, siyo ya bahari." Hata padre alicheka. Ni mimi tu sikucheka, kwa sababu nilimwona anamtazama sana mwimbaji.

Ibada ikaisha, jeneza likabebwa. Njia ya makaburini inapita katikati ya mikorosho, nyembamba. Tulipofika pale inapobana, mtani akatangulia mbio, akajilaza kukata njia, mikono kifuani, macho kayafumba. Waliobeba wakasimama. Jeneza haliwekwi chini kabla ya kaburi, na mtani harukwi.

Kaka yangu akasogea na utaratibu wa kawaida. Akamwahidi kuku. Mtani akasema bila kufumbua macho kwamba kuku ampelekee mkewe, maana anaonekana amekonda. Akaahidiwa kanga jozi mpya. Akasema kanga anazo, amelalia moja. Watu wanacheka, lakini mabega ya waliobeba yalianza kutetemeka. Kaka akauliza, basi mtani unataka nini.

Akafumbua macho.

"Huyu marehemu wenu amenitambia mtoto wake mpaka masikio yakaota sugu. Redioni nimemsikia. Leo nataka mwenyewe. Aimbe ule wa ndoo, mpite. Asipoimba tutalala hapa hapa, mimi na mwenzangu huyo mliyembeba."

Kicheko kikaisha. Simu zikapanda juu. Watu wakajitenga, mwimbaji akabaki peke yake mbele ya jeneza la mama yake. Kaka yangu akamwambia, taratibu, "Mjomba, imba tupite." Hakuimba. Kaka akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa na kitu kingine ndani. Mkewe alikuwa ameshika ncha ya koti la mumewe kwa nyuma, ameliviringisha mkononi. Mmoja wa wabebaji akasema bega limekufa ganzi.

Mwimbaji akanitazama mimi. Kisha akamtazama yule aliyelala. Akamtoa mkewe mkono kwenye koti, akafumba macho, na nikaona kifua chake kinapanda. Kifua hicho nakijua. Nimekiona kikipanda hivyo kanisani tangu hakijajaa shati. Kikipanda vile, kinachofuata ni sauti.

Sijui nilipitaje katikati ya wanaume wale. Nilijikuta nimepiga magoti mchangani, magoti ambayo hata kwenye misa yameshasamehewa, mdomo wangu uko sikioni mwa mtani. Nikamwambia, "Koo limepasuliwa. Akiimba leo, haimbi tena."

Alinukia ugoro. Aliniuliza jambo moja tu, kwa kunong'ona, macho juu kwenye majani: "Mama yake alijua?" Nikamwambia hapana. Akaendelea kuyatazama majani, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu mdomo ule ni mdomo wa Masasi nzima na nusu ya Newala, na mimi nilikuwa nimeumwagia kila kitu. Pembeni, miguu ya yule mjane ilikuwa hatua chache kutoka kichwani mwangu.

Mtani akainuka, akakung'uta gauni la mdogo wangu, akapaza sauti.

"Jamani, mnamsumbua bure mtoto wa watu. Huyu sauti hana. Nimeila mimi jana, kwa ugali wa muhogo, na mchuzi nikaramba."

Halafu mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, na mjane yule akacheka zaidi ya wote mpaka akafuta macho. Ukweli wote ulikuwa umesemwa pale mbele ya umati, na hapakuwa na wa kuushika. Neno la mtani msibani halipelekwi barazani. Nani atamkamata mtani kwa uchawi?

Akamvua mwimbaji koti, akalivaa juu ya gauni. "Kwa kuwa sauti ninayo tumboni, ngoja niitoe." Akashika sikio moja, akafumba macho kwa madaha, vile vile mwimbaji anavyofanya kwenye televisheni, akauanza wimbo wa ndoo. Aliimba vibaya sana. Sijasikia wimbo ukiteswa vile. Lakini wanawake wote walikuwa wanaujua, na kwenye ubeti wa pili wakaupokea kwa huruma, wakausimamisha vizuri, na jeneza likapita katikati ya sauti zao. Mwimbaji alitembea nyuma ya mama yake, mdomo umefungwa, machozi yanatiririka mpaka kwenye kola. Mkewe aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamminya mkono kwa kufuata mapigo ya wimbo.

Baada ya kuzika, tukinawa mikono, kaka yangu akanisogelea. Akauliza kama alichosema mtani ni kweli. Nikamwambia, "Tangu lini unauliza maneno ya mtani?" Akakaa akifikiri, mikono inamchuruzika maji. Kisha akamwendea mpwa wake, akamfungua kifungo cha juu cha shati, akampapasa shingo kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyopapasa mbuzi aliyekwamwa na kitu. Akamwambia, "Usinijibu, mjomba." Akakifunga kifungo.

Mwimbaji alirudi Dar es Salaam. Daktari alimfungulia sauti kidogo kidogo, leo neno, kesho sentensi. Sauti ilirudi, lakini ile ya juu kabisa haikurudi. Hotelini hawakumngoja, na sasa anaimba mahali pengine, siku za Jumapili mchana. Nyimbo za zamani amezishusha, anaziimba kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na wewe meza moja. Redioni nimesikia mtangazaji anasema amekomaa, amebadilisha mtindo. Siku hizi vijana hawasemi tena ni nyimbo za presha. Wimbo wa ndoo hauimbi. Hakusema kwa nini, na mimi sijamuuliza.

Je, angeimba siku ile kingetokea nini? Pengine kidonda kingevumilia. Daktari naye ni mtu. Mimi nilikiona kifua kikipanda, sikuwa na nafasi ya kusubiri nijue.

Kaka yangu anasema mtani alivaa kofia ya mwimbaji, siyo koti. Mke wa mwimbaji anasema wanawake walipokea kwenye ubeti wa kwanza, na kwamba mimi sikupiga magoti, nilianguka. Mtani mwenyewe anasema hajawahi kuimba vibaya maisha yake yote. Nimeandika nilivyoona kwa macho ambayo yalikuwa na machozi. Wewe uliyesimama kwenye mikorosho ile, hasa nyinyi mliobeba jeneza na mabega yanawakumbusha, kama nimeweka jambo mahali pasipo pake njooni nyumbani Masasi mniambie, nami nitalirekebisha.