Sabuni ya kipande, kibuyu cha maziwa na kesi ya Nafula kule Naitiri

Wakuu, nawasalimu. Wale mnaosoma huku mnakula, wekeni sahani kando kwanza.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na kitambulisho cha kazi shingoni. Majina nimebadilisha kwa sababu wenyewe bado wapo, na siku hizi kila mtu ana bando.

Ilikuwa ile miaka ya simu za mulika mwizi, zile ndogo zenye tochi. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani Kitale nakula ugali wa mama, nikapata kazi kwenye mradi wa utafiti. Kazi yenyewe: kufuatilia bakteria wanaoishi ndani ya uke, jinsi wanavyobadilika mwezi hadi mwezi, na kama mabadiliko hayo yanahusiana na magonjwa na mimba kuharibika.

Ndiyo, nimesema uke. Mama yangu alishindwa kulitamka. Kanisani aliwaambia watu nafanya kazi ya mambo ya maji.

Kila mwezi nilienda upande wa Bungoma kukutana na akina mama kwenye zahanati kadhaa, ya Naitiri ikiwemo. Kila mmoja anaingia chumbani na kijiti chenye pamba, anajichukulia sampuli mwenyewe, mimi naiweka kwenye kisanduku cha barafu na kuirudisha maabara Kitale. Watoto wa Naitiri waliniita daktari wa chini. Nilizoea.

Shida ilianza na sampuli za huko huko Naitiri. Za kwingine zilikuwa na bakteria wazuri, wale walinzi. Za Naitiri zilikuwa kama shamba lililopigwa dawa ya magugu. Bosi wangu, daktari mwenye kufoka kama sufuria ya maharagwe, akaamua kosa ni langu, ati nasimama njiani Moi's Bridge kununua mahindi choma huku kisanduku kikipigwa na jua. Mahindi nilinunua, sikatai. Kisanduku kilikuwa kivulini.

Siku moja nikafika mapema nyumbani kwa Nafula, mmoja wa washiriki wetu, ili twende zahanati pamoja. Nyuma ya jikoni nikapata foleni ya akina mama, kila mtu na beseni. Kulikuwa na sabuni ya kipande, ile ya kufulia, maji moto ya chumvi, na chupa ya dawa ya kuoshea vidonda. Msimamizi wa shughuli alikuwa Mama Barasa, mama mkwe wa Nafula.

Nikauliza kunaendelea nini.

"Si mnaenda kwa daktari?" akasema Mama Barasa. "Mtu hapelekei daktari uchafu, bana. Tunaosha mpaka ndani."

Nilikaa chini kwenye jiwe. Kumbe miezi yote hiyo watu wenye digrii walikuwa wanapima nguvu ya sabuni.

Nilicheka mpaka nikaona Nafula hacheki.

Alinivuta kando akanieleza. Alikuwa na harufu ambayo haiishi. Alishapimwa magonjwa ya zinaa, hana, lakini mumewe Barasa, mchuuzi wa mahindi, alishaamua: harufu hiyo imeletwa na mwanaume mwingine. Mama mkwe naye alimwongezea sabuni. Sabuni ikizidi, harufu inazidi, na Barasa anazidi kununa. Jumamosi wazee wa ukoo wangekaa, na yeye angerudishwa kwao Endebess, watoto wabaki.

"Dada, wewe ndio umeona," akaniambia. "Kuja useme. Mimi siwezi sema hiyo kitu mbele ya baba mkwe."

Wakuu, hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Siri ya mshiriki ni yake, ila yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba. Na kwa mila za huko mke wa mtoto hata hakai chumba kimoja na baba mkwe, sembuse kuzungumza naye habari za uke. Yaani ushahidi wa kumwokoa ulikuwepo, ila hakuna mdomo wa kuutoa. Nikabaki mimi, msichana wa Kikuyu kutoka Kitale, asiye na haya kwa mujibu wa ajira.

Jumamosi nikaenda. Sebuleni wazee wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufumwa, Nafula yuko nje chini ya dirisha. Walikuwa wanamhukumu mtu kwa kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukitaja. Ilikuwa "ile mambo" na "hiyo shida ya nyumba". Nikasema neno lenyewe. Mzee, babake Barasa, akaanza kuchunguza dari kana kwamba inavuja. Mwingine akapaliwa na chai.

Nikaona nikiendelea hivi nitafukuzwa. Pembeni kulikuwa na kibuyu cha maziwa ya kuganda.

"Mzee," nikasema, "kibuyu hiki mnakioshaje?"

"Na maji, na makaa ya mti."

"Na sabuni je?"

Akakasirika kabisa. "Sabuni itaharibu maziwa. Nani anaosha kibuyu na sabuni?"

Nikamweleza kwamba wale wadudu wanaogandisha maziwa wana ndugu zao ndani ya mwanamke. Wanatengeneza uchachu, na uchachu ndio askari wa mlango. Ukiwaua kwa sabuni, wabaya wanaingia na harufu yao, bila mwanaume yeyote kuhusika.

Hapo Mama Barasa akasimama mlangoni.

"Mimi ndio nilimpa sabuni," akasema. "Bwana yangu wa kwanza alinirudisha kwetu kwa hii harufu. Nilijiosha mpaka nikatoka damu. Niliacha msichana huko, ananyonya. Sikutaka huyu arudishwe."

Mzee alijua mkewe aliwahi kuolewa kwingine. Sababu ya kurudishwa hakuijua. Barasa hata hakujua ana dada. Kesi ilifia hapo, na sikumwona mtu akiifunga rasmi.

Nafula alipewa vidonge, akaacha sabuni, akapona. Baadaye harufu ilirudi mara moja tu, kwa sababu huwa inarudi, akatibiwa tena. Ila mfano wangu wa kibuyu ulienea, ukazaa balaa: mwezi uliofuata mama mmoja alikuja amejipaka maziwa lala, yale ya kuganda, huko ndani. Bosi alipoona majibu karibu aandike makala.

Somo langu? Akina mama, ndani kunajisafisha kwenyewe. Nje, maji yanatosha. Na harufu ikikusumbua nenda zahanati, si kwa jirani.

Baadaye Barasa alimpeleka mamake kumtafuta yule msichana. Walimpata, mama mtu mzima, naye ana binti wa kuozwa. Nafula aliniambia yule dada alikataa kuwakaribisha ndani. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa mamake alitoroka na mwanaume.

Mama Barasa aliketi nje ya boma la mwanawe huyo mpaka jioni, halafu yule binti wa kuozwa akamletea kiti.

Haya, uwanja ni wenu. Nyinyi kwenu mliambiwa muoshe na nini? Na wanaume mnaopita kimyakimya humu, nawaona, semeni pia.