Vitabu Vilivyorudi Safi

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumba kinachonuka maiti. Msishtuke, wajukuu zangu. Ilikuwa kafuri tu, ile ile wanayotiliwa marehemu, maana pale chuoni waliitia kabatini ili mende wasile vitabu. Mimi nitajuaje? Nilisimama mlangoni, Mmwera wa Rondo na kaptura yangu mpya, nikamuuliza mzee aliyekuwa ndani, "Poleni. Msiba wa nani?" Alinicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mzee huyo ndiye Karani Mkuu wa Vitabu, na ndiye aliyenifunza kazi.

Siku hizi mnasema mkutubi, neno zuri. Sisi tuliitwa makarani wa vitabu, basi. Chuo chetu kilikuwa cha ualimu, pande za Lindi, enzi za Mwingereza, na hatukuwekwa pale kulinda rafu kama askari. Tuliwekwa kuwahudumia wakufunzi. Kabla muhula haujaanza, kila mkufunzi alitueleza atafundisha nini, nasi tukamtengea vitabu kwenye rafu yake, wanafunzi wavisome mle mle chumbani bila kuondoka navyo. Kila kitabu kilikuwa na namba mgongoni, na namba hiyo hiyo iliandikwa kwenye kadi ya katalogi, ili anayetafuta hesabu asiletewe nyuki. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, tukatia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, isiliwe na wadudu. Kwa gundi yule mzee hakuwa na msamaha. "Benedikti, hii ni gundi au uji? Kama ni uji, kunywa!"

Alipostaafu nikashika nafasi yake, nikarithi na masanduku. Yalikuwa ya mninga, yenye kufuli. Tuliyajaza vitabu tukawapelekea walimu waliosoma kwetu, ambao sasa walikuwa peke yao vijijini. Muhula ukiisha sanduku linarudi, na jingine linakwenda. Wazo hilo lilikuwa la Mkufunzi wa Mbinu za Kufundisha, Mwalimu Abdallah, mtu mpole aliyeamini kwamba mwalimu asiyepata kitabu kipya huishia kufundisha kumbukumbu zake tu.

Nami nikazoea kukikagua kitabu nikajua kimeishije. Vya shule ya Miteja vilirudi na mafuta ya nazi pembeni, ukivikung'uta zinadondoka chembe za muhogo. Vya kwingine vilirudi vimekunjwakunjwa. Nilisonya, nikagombana na hewa, nikabandika, lakini moyoni nilijua vimetumika. Vya Likawage vilirudi safi. Tena si safi ya kawaida! Kila kimoja kimefungwa kitambaa cheupe, kurasa zimenyooka kama nilivyozipeleka. Mara ya kwanza nilifurahi, nikasema hawa ndio watu. Mara ya pili nikaanza kujiuliza. Mara ya tatu Mkuu wa Chuo, Mwingereza mrefu wa kukagua kila kitu kwa kidole, alipitisha kidole pembezoni mwa kurasa, akaniangalia.

"Karani, hawa hawasomi."

"Labda wanatunza, Bwana Mkuu."

"Anayesoma kitabu hakitunzi namna hii. Nenda Likawage ukalirudishe lile sanduku lililokwenda juzi. Tutaipa shule ya mjini. Wapo wanaolitaka."

Mwalimu Abdallah alijaribu kumtetea mwalimu wa Likawage, Saidi Ngwale, ambaye alikuwa mwanafunzi wake. Wapi! Tulipotoka nje akanishika mkono. "Benedikti, Saidi hana chuo kingine isipokuwa lile sanduku. Likiondoka halirudi tena. Tazama vizuri kabla hujalibeba." Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Mtu anakopa kitabu cha nini kama hakifungui?

Nilipanda lori hadi njia panda, nikaendelea kwa baiskeli, na mchanga uliponishinda nikaisukuma. Nilifika Likawage alasiri, mwekundu kwa vumbi. Mwalimu Saidi, mwembamba, kanzu safi, alinipokea kwa karibu nyingi. Sanduku lilikuwa nyumbani kwake, darini. Nilipoinua mkono kulishusha akanizuia.

"Kwanza maji, Bwana Karani."

"Nimekwisha kunywa."

"Ya kunawa. Hapa kitabu hakiguswi kwa vumbi la safari."

Nikanawa huku nikinung'unika. Ati mimi mwenye vitabu nimeonekana mchafu! Muda si muda watu wakaanza kuingia uani: walimu wenzake, wanafunzi wakubwa, kisha wazee, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Kila mtu amenawa. Mwalimu akashusha kitabu, akafungua kitambaa, akakiweka juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu. Nikarefusha shingo nione ni kitabu gani kitukufu hicho. Jamani! Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa kuku.

Alikisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari. Wenye mbao za kujifunzia Kurani waliandika kwa wino wa masizi, na wasio na mbao walirudia kwa mdomo. Kisha mzee mmoja akafumba macho, akaanza kuyumba taratibu. "Sura ya Tatu. Kideri. Kuku mwenye kideri hushusha mabawa, huharisha kijani..." Akaenda nayo mpaka mwisho wa sura bila kuruka neno. Niliziba mdomo. Kicheko kilinijia, na machozi yakaja pamoja nacho, sijui hata kwa nini.

Walipotawanyika nilimuuliza, "Mwalimu, kwani huu ni msahafu?"

"Astaghafirullah! Najua si msahafu. Lakini watu hawa maandishi waliyakuta kwanza chuoni kwa shehe, wakafundishwa kuyaheshimu. Nikiwaambia haya ya kuku hayana heshima, watayadharau na yaliyomo. Tena kitabu ni kimoja, Bwana Karani. Kikirudi kwenu, sisi tubaki na nini kama si kilichomo kifuani?"

Ikabidi nimwambie nilichotumwa. Alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Ni lenu," akasema. "Ila tumefika Sura ya Nne tu."

Nikaondoka bila sanduku. Njia nzima nilijiuliza nitasema nini, na nilipofika nikamkuta Mkuu na Mwalimu Abdallah ofisini. Mkuu hakunipa hata nafasi ya kukaa.

"Liko wapi?"

"Likawage, Bwana Mkuu. Linasomwa."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akinikazia macho. "Karani, hata kasuku hukariri. Anayesoma huuliza."

"Basi twende ukawasikie mwenyewe," akasema Mwalimu Abdallah.

"Twende. Nikikuta kasuku, sanduku napakia mwenyewe kwenye gari."

Tulikwenda sote watatu. Mkuu alinawa bila ubishi, akaketi mkekani na ile miguu yake mirefu ikamsumbua. Yule mzee akasoma Sura ya Tatu kwa moyo, tena vizuri kuliko mara ya kwanza. Uso wa Mkuu haukuonyesha kitu. Mwalimu Saidi alikuwa anatoka jasho. Sura ilipokwisha Mkuu akashukuru kwa adabu, akainuka. Nikajua sanduku limekwenda.

Sauti ikatoka upande wa wanawake. Alikuwa Bibi Somoe, mjane mzee wa pale.

"Bwana Mkubwa, kaa kwanza. Hicho kitabu chenu kinasema kuku mgonjwa mtenge mbali na wenzake. Mimi nyumba yangu chumba kimoja, nalala na kuku wangu. Nikimtoa nje analiwa na kicheche. Sasa nimtenge wapi?"

Mkuu akakaa tena.

"Kitabu hakikusema?"

"Hakikusema. Sura hiyo nimeisikiliza yote."

Mkuu akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. "Karani, tunacho kitabu kinachojibu hilo?"

"Hatuna, Bwana Mkuu."

"Basi sanduku libaki," akasema. "Sisi tutaondoka na swali."

Nalo likawahangaisha wakufunzi wetu, nikafurahi sana! Mkufunzi wa Kilimo alijaribu hiki na kile uani kwa chuo, mpaka akapata tundu la mianzi lililoinuliwa juu ya nguzo, na nguzo imezungushiwa miiba. Aliandika maelezo ukurasa mmoja na kulichora tundu lenyewe, nami sanduku liliporudi nikaubandika kwa gundi yangu mwisho wa Sura ya Tatu. Kitabu kikaenda tena Likawage. Muhula ulipokwisha vitabu vikarudi, kila kimoja na kitambaa chake cheupe, safi kabisa. Ukurasa wetu haukuwemo. Ulikuwa umebanduliwa kwa maji, taratibu, hata kovu hakuna.

Damu ilinichemka. Nilipopeleka sanduku jingine nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Somoe. Tundu lilikuwa juu ya nguzo, na ukurasa umechomekwa kwenye makuti, juu ya mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefuata nini?"

"Ukurasa wa chuo, bibi."

"Vitabu vyenu mmerudishiwa vyote?"

"Vyote."

"Safi?"

"Safi."

"Haya. Vile viliandikiwa watu wote, tukawarudishia. Huu mmeniandikia mimi."

Nikanywa maji yake, nikaaga.

Sasa nimestaafu, macho hayanisaidii, na vijana wa maktaba wakija kunitazama huniuliza kama tulikuwa na vitabu vya kutosha. Hatukuwa navyo. Tulikuwa na wakufunzi waliokubali kuulizwa na mtu wa Likawage, na kazi yetu ilikuwa kulipeleka swali na kulirudisha jibu. Kilichopotea nilikiandika "kimepotea" kwa wino mwekundu, tena kwa hasira, katika miaka yangu yote ya kazi. Kuhusu ukurasa ule nilikwenda kwa Mkuu kumuuliza niuandikeje. Akasema, "Andika umefika."