Folda Yenye Jina Langu

Umeme ulirudi kwa kishindo, kompyuta ikazimika na haikuwaka tena. Ni kompyuta ya zamani. Mwanangu ndiye aliyeileta nyumbani kwetu Bugarama, akahamishia humo picha zote zilizokuwa kwenye simu ya marehemu mke wangu kabla simu yenyewe haijafa. Folda ya picha hizo aliipa jina langu. Hapakuwa na mahali pengine sura yake ilipobaki. Misa ya kumbukumbu yake ilikuwa inakaribia, na nilitaka picha moja kubwa ya kuweka sebuleni, ili mjukuu aliyezaliwa baada ya mazishi amjue bibi yake.

Nikaipakata kompyuta hadi Biharamulo mjini, kwa fundi niliyeelekezwa. Nilikwenda na mashaka. Nilikwisha kusikia habari za mafundi wanaobaki na picha za watu na kuzichezea wapendavyo.

"Shikamoo mzee. Iache tu, utaifuata kesho."

"Marahaba. Nitakaa nayo."

"Kazi yenyewe ni ndefu."

"Nimekuwa katekista tangu ujana. Kungoja nakujua."

Akacheka, akanisogezea kiti. Akaifungua, akatoa diski, kile kipande bapa kinachotunza kila kitu, akaiunganisha na kompyuta yake. Nilikuwa na rozari mfukoni, lakini vidole vilisali peke yao. Macho yalikuwa mikononi mwake. Akaniagizia chai. Nikaikataa, nikidhani anataka nitazame kikombe.

Adhuhuri akainuka, akaingia chumba cha nyuma na flashi kwenye mfuko wa shati. Alikaa huko. Nikasogeza kiti karibu na mlango, nikatega sikio, nisisikie kitu.

Aliporudi akaniita kwenye kioo cha kompyuta yake. Picha zilikuwa zimerudi: kipaimara, harusi ya mwanangu, mavuno ya maharage. Nyingine zilikuwa nusu picha, nusu rangi ya majivu. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha nikatafuta jina langu. Halikuwepo.

"Folda imekwenda wapi?"

"Mzee, nimetoa kila kilichokuwemo."

"Na kule nyuma ulikwenda kufanya nini na flashi?"

Akanitazama bila hasira. "Kuswali, mzee. Na flashi hii ni ya nyimbo zangu. Unataka tusikilize?"

Sikumwamini bado. Nikaomba nimpigie simu mkamwana wangu, ambaye huchapa matangazo ya kigango kwenye kompyuta ile. Mtu mwingine anayeigusa hakuna.

"Mama, ile folda yenye jina langu iliyokuwa na picha za mama yenu, uliifuta?"

Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, na huyu amelelewa vizuri huko kwao Kibimba.

"Sikuifuta, baba. Mtoto mkubwa alikuwa ananiambia kila siku, mama, soma hapo. Nikaona aibu. Nikaibadilisha."

"Ukaiita nani?"

"Mwenye Mji."

Fundi alikuwa anasikia. "Ipo hapa," akasema. "Mimi nikadhani ni mambo ya mwenyekiti wa kijiji."

Akaifungua. Picha kadhaa zilikuwa majivu matupu. Akashuka polepole, nami roho juu, mpaka akafika pale mke wangu alipokaa uani akichambua maharage, amegeuza uso kumcheka aliyempiga picha. Kuanzia kifuani kwenda chini imeharibika. Ungo hauonekani, wala mikono. Uso ni mzima.

Fundi akaninakilia zote kwenye flashi mpya, nikaifunga ndani ya leso. Kisha akasema, "Sasa nafuta nakala zilizobaki huku kwangu, mzee, mbele ya macho yako, usije ukakosa usingizi."

Nikauangalia ule uso. Nikafikiria njia ya kurudi Bugarama, mvua, na umeme wetu.

"Usifute," nikamwambia. "Zibaki kwako. Nipe na ile chai, kama bado ipo."