Siku Mkwe Mwenzangu Aliponiopoa

Niseme tu mapema mnicheke mmalize: mimi niliyevuta watu kutoka Ziwa Nyasa nusu ya maisha yangu, nilizama kwenye maji ya magoti, na aliyeniopoa ni mtu ambaye kwa adabu zetu hata mkono wake nausalimia kwa mbali.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zimefunguliwa, maduka ya dawa yameota Mbamba Bay kama uyoga, na sisi wazee wa boti ya uokoaji tulikuwa na desturi yetu, zamani tuligawana kamba na makoti ya mvua, sasa tunagawana vidonge. Mwenzangu Otmari akipewa vya mgongo ananimegea, mimi nikipewa vya presha namwachia (wake zetu walisema tunakula dawa kuliko ugali, tukawaona hawaelewi urafiki wa majini). Daktari wa zahanati akaniambia, "Mzee, leta vyote tuvipunguze." Nikaitikia, nikapita moja kwa moja kwa Otmari.

Basi wazazi wa kijana aliyemposa binti yangu Sabina wakawa wanakuja kwa boti kutoka Liuli kumaliza mazungumzo, na mimi, kwa kutaka nionekane bado ngangari, asubuhi nikameza vyangu vyote na vya Otmari juu yake, na kimojawapo (nilikuja kujua baadaye) kilikuwa cha usingizi. Boti ikafika, nikaingia majini kupokea mizigo, nikainama nishike tenga la kuku, dunia ikazunguka, miguu ikaniaga, nikaenda chini na tenga langu. Kabla vijana hawajafika, mama wa kijana, mwanamke wa miraba minne, akaruka, akanikamata mkanda, akanikokota hadi mchangani mbele ya kijiji kizima, vidonge vikimwagika mfukoni njia nzima.

Mumewe akaviangalia. "Ukoo huu una ugonjwa gani?"

Sabina akaanza kulia. Niliona aibu mpaka nikatamani nirudi majini.

Mama yule akakamua khanga yake. "Ugonjwa wake ni vidonge. Apelekwe zahanati, ndipo tuzungumze."

Nilipeleka mfuko mzima siku hiyo hiyo, na Otmari nikamburuta akiwa amenuna. Daktari akatupunguzia kidogo kidogo, mimi nikabaki na vya presha tu, kizunguzungu kikahama. Sabina akaolewa, nikacheza harusini mpaka ngoma zikachoka. Cha mwenzangu simezi tena. Lakini mpaka leo boti ya Liuli ikifika, mkwe mwenzangu ananisalimia kwa heshima zote, kisha anautazama mkanda wangu kama uko imara.